Korosho mia moja mezani: je, mwananchi wa kawaida azuiwe kuingia kwenye mifuko ya mara tatu?

Malipo ya mnada wa korosho yakiingia, Tandahimba na Newala, wilaya zetu za korosho mkoani Mtwara, hubadilika sura: mabati mapya, pikipiki mpya, madeni ya dukani yanalipwa. Siku hizi kuna na simu. Vijana wanaonyeshana programu za madalali wa nje zinazouza mifuko ya uwekezaji inayolipa mara tatu ya mwendo wa soko la hisa. Katika semina moja niliyoiendesha kwenye ofisi ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mkulima kijana alininyooshea simu yake. "Mwalimu, soko likipanda kumi napata thelathini. Hasara iko wapi?"

Nikamwomba mtunza ghala korosho ghafi mia moja. Tukazimwaga mezani, ziwe ndiyo fedha yake.

Mfuko wa namna hii huchukua fedha yako, ukaongezea mikopo au mikataba ya soko, ili mabadiliko ya siku moja yazidishwe mara mbili au mara tatu. Kesho yake hesabu inaanza upya. Ni hayo maneno "siku moja" ambayo wengi huyapita haraka. Tuseme leo soko limeshuka asilimia 10: tukaondoa korosho 30, zikabaki 70. Kesho limepanda asilimia 10. Mara tatu yake ni 30, lakini sasa ni asilimia 30 ya zile 70, yaani korosho 21. Jumla 91. Aliyenunua hisa zilezile bila mkopo ana 99. Rudia shuka-panda hiyo mara kumi, siku ishirini tu za biashara: wa kawaida ana 90, wa mara tatu kabaki na 39.

Kijana akazihesabu zile 39 kwa kidole, mara mbili. Akauliza nani kachukua nyingine. Hakuna aliyeiba. Ili mfuko ubaki kwenye mara tatu, kila siku unalazimika kuongeza manunuzi bei ikishapanda na kuuza bei ikishashuka. Soko linaloyumba huutafuna hata kama mwisho wake limerudi karibu na lilipoanzia. Asilimia 10 kwa siku ni nyingi kwa soko zima, niliichagua ili tuweze kuhesabu. Kwa mfuko unaofuata hisa ya kampuni moja, si ajabu.

Wasimamizi wa masoko wameliona hili zamani. Mwaka 2009 FINRA, chombo kinachosimamia madalali Marekani, kilionya kwamba mifuko hii kwa kawaida haimfai mwekezaji mdogo anayekusudia kuishika zaidi ya siku moja. Mwaka 2019 SEC, msimamizi mkuu wa masoko ya mitaji huko, ilipendekeza dalali ampime mteja kabla ya kumfungulia mlango. Mwaka 2020 ikaliacha pendekezo hilo, ikaweka mipaka kwa mifuko yenyewe. Ulaya ilikaza zaidi kwenye bidhaa jirani, mikataba ya kubashiri tofauti ya bei. Ilikuta asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za wananchi wa kawaida zinapata hasara, na mwaka 2018 ikashusha kiwango cha mkopo hadi kati ya mara 30 na mara 2 kulingana na bidhaa, na ikaagiza mteja asidaiwe zaidi ya kilichomo kwenye akaunti yake.

Sisi wa Kusini mjadala huu tunaujua kwa jina jingine: kangomba. Mkulima amebanwa na ada au msiba, anauza korosho zikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa. Serikali ikapiga marufuku. Wapo waliosema mkulima ni mtu mzima, aachiwe mali yake. Mimi sikukubaliana nao, kwa sababu mnunuzi alikuwa na nafasi ya kungoja mnada na muuzaji hakuwa nayo. Lakini niliona pia kwamba shida ya ada haikufutwa na marufuku, na biashara ikahamia usiku. Tukifunga mlango wa mifuko hii kabisa, vijana watakwenda kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram, ambako hakuna leseni wala wa kumlalamikia.

Kwa hiyo naunga mkono kizuizi, ila kimbane muuzaji kwanza: ukomo wa mkopo, deni lisizidi kilichowekwa, na mtihani mfupi kabla ya kununua. Nakataa kabisa kipimo cha utajiri kinachotumika katika baadhi ya nchi. Mwenye milioni 30 za korosho angepita bila kuulizwa neno, na mwalimu wa hesabu wa sekondari mwenye laki tano angefungiwa nje.

Huku tukisubiri kanuni, dalali yeyote anayekuita kuwekeza muulize leseni yake, kisha uithibitishe kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kabla ya kutuma hata senti. Anayetaka kuanza bila mkopo ana hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam na vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS. Navyo hupanda na kushuka, lakini hakuna anayevizidisha mara tatu kila jioni.

Na huo mtihani ungekuwa mikononi mwangu, swali la kwanza lingekuwa lile la mezani: una korosho 100 kwenye mfuko wa mara tatu, soko limeshuka asilimia 10, kesho yake likapanda asilimia 10. Umebaki na ngapi? Anayejibu 100 angerudi wiki ijayo.