Kongosho hupokea amri kutoka utumboni

Mbuzi wa Idi alikuwa akipasuliwa uani kwetu Kuze, Mombasa, na ami yangu tayari ameshalishika kongosho, kinyama cha waridi kilichokaa kama vijipunje vilivyoshikana, amrushie paka. "Hiki cha sukari tu," akasema.

Si cha sukari tu. Vikundi vya seli vyenye kutoa insulini ni kama asilimia 1 hadi 2 ya kongosho. Sehemu kubwa iliyobaki hutengeneza maji ya kusagia chakula, yanayopita kwenye mrija hadi mwanzo wa utumbo mwembamba.

"Basi ubongo ndio unaoliamrisha," akaendelea. "Ukinusa pilau, mate yanakutoka." Hapo ami ana nusu ya haki. Neva, yaani mishipa ya fahamu, huanzisha kazi, na mwanasayansi Pavlov wa Urusi aliamini ndizo zinazoiendesha yote. Lakini mwezi Januari 1902, jijini London, wanasayansi Bayliss na Starling walimtia mbwa ganzi, wakakata neva zote za kipande cha utumbo wake na kuacha mishipa ya damu peke yake. Wakatia asidi ndani ya kipande kile. Kongosho likadondosha maji kama kwamba hakuna kilichokatwa! Wakakwangua utando wa ndani wa utumbo, wakausaga kwa mchanga na asidi, wakauchuja na kumdunga mbwa kwenye mshipa wa shingo. Maji yakatoka tena. Ujumbe ulikuwa umesafiri ndani ya damu. Waliuita sekretini, na 1905 Starling akalitumia neno homoni kwa wajumbe wa damu kama huyo.

Kwa hivyo utumbo si bomba la kupitishia tu. Huonja kilichoingia.

Wala maji ya kongosho hayawi yale yale kwa kila chakula. Asidi ya tumbo ikiteremkia utumboni, utumbo hutoa sekretini, na kongosho hujibu kwa maji mengi yenye bikaboneti, jamaa wa magadi ya jikoni, ili kuituliza. Yakiingia mafuta na protini, tuseme biriani ya samli, hutoka homoni nyingine, kolesistokinini. Hiyo huliagiza kongosho litoe vimeng'enya, visagaji vya chakula, na papo hapo huminya kifuko cha nyongo. Zamani wataalamu walidhani ni homoni mbili, moja ya nyongo na moja ya kongosho, kumbe ni hiyo hiyo moja.

Na ngamia wanaobeba watalii ufuoni Bamburi? Hawana kifuko cha nyongo, ila nyongo wanayo: hutoka inini moja kwa moja hadi utumboni. Mbuzi anacho kifuko, lakini kwa kuwa chakula chake hushuka kidogo kidogo mchana na usiku, kongosho lake halipumziki sana.

Ami akauliza kama linaliwa. Linaliwa, nikamwambia, likishatolewa mafuta na kukaangwa. Tukageuka kulitazama, paka keshaondoka nalo.