Je, wajua kwa nini "mtume" na "mtumwa" ni maneno ya tumbo moja?

Waraka wa Paulo kwa Warumi, katika Biblia ya Union ya 1952, unafunguliwa hivi: "Paulo, mtumwa wa Kristo Yesu, aliyeitwa kuwa mtume." Mtumwa, kisha aliyeitwa, kisha mtume. Hali ya chini kabisa na wito wa juu kabisa vimekaa ndani ya pumzi moja, na maneno yenyewe yanafanana kiasi kwamba msomaji mwenye haraka hujikwaa ulimi.

Kwa miaka kadhaa niliwaeleza watu, kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kuhakiki, kwamba Paulo alikuwa akicheza na maneno. Nilisema kwamba hata kwa Kiyunani, lugha aliyoandikia, mtume na mtumwa hutoka katika mzizi mmoja, na kwamba humo ndimo ilimofichwa siri nzima ya utumishi wa Kikristo. Watu walitikisa vichwa kwa kukubali. Kisha siku moja nikatafuta maneno yenyewe ya Kiyunani ili niwaandikie ubaoni, na mchezo ule haukuwepo.

Kwa Kiyunani, mtumwa ni doulos: mtu anayemilikiwa, anayeweza kuuzwa. Mtume ni apostolos, kutoka kitenzi apostello, kutuma. Maneno haya mawili hayana undugu wowote. Lipo na la tatu, diakonos, ambalo Biblia zetu hulitafsiri mtumishi, mhudumu au shemasi kutegemea mahali, nalo lina ukoo wake peke yake. Yaani koo tatu ambazo hazijawahi hata kuoana.

Kosa langu lilionekana vizuri zaidi katika Yohana 13. Yesu ameondoka chakulani, amejifunga kitambaa kiunoni, ametia maji chomboni na kuwaosha wanafunzi miguu, mmoja mmoja. Akisha kuketi tena anasema: "Mtumwa si mkuu kuliko bwana wake, wala mtume si mkuu kuliko yeye aliyempeleka." Sikio la Mswahili linasikia mwangwi hapo, mtumwa na mtume, na linaamini umewekwa makusudi. Kwa Kiyunani hakuna mwangwi. Hata neno la mtume na kitenzi cha kutuma katika mstari huo ni vya mizizi tofauti: apostolos upande mmoja, pempo upande wa pili. Watafsiri wetu nao, wakijua au bila kujua, waliandika "aliyempeleka" badala ya "aliyemtuma". Isitoshe, hapo ndipo mahali pekee ambapo neno apostolos linatokea katika Injili yote ya Yohana. Nilikuwa nimejenga ghorofa juu ya tofali moja, na tofali lenyewe halikuwa langu.

Nilijaribu kujiokoa kwa Kiebrania. Isaya 6:8 ina ule wito maarufu, "Nimtume nani?", na jibu lake, "Mimi hapa, nitume mimi." Lakini kitenzi hicho ni shalach, ilhali mtumwa au mtumishi ni eved, neno la mzizi wa kufanya kazi. Nako hakuna kitu.

Kwa hiyo mchezo wa maneno ni wa Kiswahili chenyewe, na hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu.

Chukua kitenzi tuma. Kiswahili kina njia kadhaa za kugeuza kitenzi kuwa mtu, na mkia wa neno ndio unaoeleza mtu huyo yuko upande gani wa tendo. Mkia wa -i humweka upande wa kutenda: aliyeshinda ni mshindi. Ukiweka -e, mara nyingi mtu huhamia upande wa kutendwa: aliyeshindwa ni mshinde. Ndivyo ilivyo kwa mteuzi na mteule. Mmoja anachagua, mwingine amechaguliwa. Kiumbe hakiumbi, kimeumbwa. Basi mtume si mwenye kutuma. Ni aliyetumwa.

Sasa angalia mkia wa pili, -wa, ambao ni wa kutendwa waziwazi. Anayependwa ni mpendwa, aliyefiwa ni mfiwa. Na mtumwa? Ni aliyetumwa.

Rudia hapo polepole. Kwa sarufi tupu, mtume na mtumwa yana maana moja. Ni kama ndugu wawili waliotoka nyumba moja asubuhi moja, mmoja akafika ikulu na mwingine akafungwa mnyororo. Hakuna kanuni ya lugha iliyowagawa. Ni matumizi ya watu. Mtume lilikwisha kuheshimika pwani kabla ya wamisionari, kwa kuwa Waislamu walimwita hivyo Mtume Muhammad, na inaelekea lilifuata rasuli la Kiarabu, ambalo nalo ni neno la kutumwa. Mtumwa likamwangukia yule anayetumwa na hawezi kukataa. Hiyo ya pili ni hoja ya mantiki zaidi kuliko ya maandishi, lakini sijaona inayoishinda.

Halikuwa neno la mafumbo pia. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na kanisa la Kianglikana likajengwa palepale Mkunazini. Askofu Edward Steere, mmoja wa watafsiri wa mwanzo wa Agano Jipya kwa Kiswahili, aliishi na kufanya kazi mjini humo. Aliyesikia "Paulo, mtumwa" miaka ile hakuhitaji kuelezwa mtumwa ni nani.

Ndugu wa tatu, mtumishi, amepita njia ndefu kidogo. Tuma inazaa tumika, na ile k inageuka sh mbele ya -i, kama ilivyo kwa pika na mpishi, andika na mwandishi. (Unaweza pia kuianzisha tumika kutoka tumia, ukoo ni uleule.) Ndiyo maana Marko 10:45 inasomeka vizuri mno kwetu: Mwana wa Adamu "hakuja kutumikiwa, bali kutumika". Kiyunani hapo kina kitenzi kimoja cha kuhudumu, mara kikitendwa na mara kikitenda. Kiswahili kimetupa kutumika, neno tunalolitumia hata kwa jembe. Siku hizi, bila shaka, mtumishi limekuwa cheo, na ukisikia "mtumishi amefika" ujue kuna kiti kimeandaliwa mbele.

Limebaki jambo moja linaloniponya aibu kidogo. Mwaka 1990 mtaalamu wa Australia, John N. Collins, alitoa hoja kwamba diakonos hakuwa hasa mtu wa kuhudumu mezani kwa unyonge. Mara nyingi alikuwa mjumbe, mtu aliyekabidhiwa jambo na mwingine ili alifikishe. Si wote waliokubaliana naye, na kuna mahali katika Injili ambapo neno hilo linanukia chakula waziwazi. Lakini kama ana haki hata nusu, basi utumishi na kutumwa vinakaribiana hata kwa Kiyunani, ingawa kwa maana na si kwa mzizi.

Mtihani mzuri wa hoja hiyo ni Fibi. Warumi 16:1 inamwita "mhudumu wa kanisa lililoko Kenkrea", na nyuma ya mhudumu limekaa diakonos lilelile. Paulo anamkabidhi kwa Warumi na kuomba apokewe, jinsi alivyotambulishwa mtu aliyefika na barua mkononi. Biblia haisemi kwamba aliibeba, ila wasomi wengi wanadhani ni yeye. Basi waraka unaoanza kwa mtumwa na mtume huenda ulisafiri kutoka Kenkrea hadi Roma ndani ya mzigo wa mwanamke huyu.