Makiwara: kwa nini mshale wa kyudo hupigwa kutoka mita mbili

Kwenye matamasha ya utamaduni wa Kijapani, kyudo, yaani upigaji upinde wa jadi, huwashangaza watazamaji: mtu amevaa hakama (vazi pana la jadi la kuanzia kiunoni), ameshika upinde unaompita kimo, na analenga robota la majani ya mpunga lililo mita 2 hivi mbele yake. Robota hilo ndilo makiwara. Shabaha ya kawaida ina kipenyo cha sentimita 36 na huwekwa umbali wa mita 28, mbele ya tuta la mchanga. Kumbi chache zina nafasi hiyo. Kwa kuwa makiwara si rahisi kuikosa, kinachobaki kutazamwa ni umbo la mwili.

Umbo hilo lina hatua nane, hassetsu: kupanga miguu, kuimarisha kiwiliwili, kuandaa upinde, kuinua mikono juu, kuvuta huku mikono ikishuka, kutulia upinde ukiwa umevutwa wote (kai), kuachia, na kubaki vilevile mshale ukishakwenda (zanshin). Tazama zaidi kai. Anayeachia kabla haijakamilika ana tatizo liitwalo hayake, na mbele ya umati huwapata hata wazoefu.

Upinde wenyewe, yumi, una urefu wa sentimita 221 hivi na hushikwa theluthi ya chini, si katikati. Upote huvutwa hadi nyuma ya sikio, hivyo uso usipogeuzwa sawasawa kuelekea shabaha, utachapa shavu au kuondoka na miwani. Mkono wa kushoto ukishika vizuri, upinde hujizungusha baada ya kuachia hadi upote utue upande wa nje wa mkono. Anayeuzungusha kwa makusudi huonekana mara moja.

Kwa waandaaji: katikati ya makiwara pawe usawa wa mabega au juu kidogo. Nyuma yake tundika wavu mzito, kwani mshale ukiteleza kwenye upote huenda pembeni. Asisimame mtu nyuma wala ubavuni. Unapochomoa mshale, shika karibu na robota, zungusha taratibu, na hakikisha hakuna uso nyuma yako.

Mgeni akiomba kujaribu, mpe gomuyumi, kijiti chenye mpira wa kuvuta. Yumi ikiachiwa bila mshale, nguvu yote hurudi kwenye upinde, na wa mianzi unaweza kupasuka.