Je, wajua kwa nini binti wa Kijaluo anaitwa Lupita?

Juzi nilikuwa saluni huku Kirumba, Mwanza, nasukwa mtindo wa twende kilioni, na runinga ya ukutani inaonyesha filamu ya Black Panther, ile iliyotiwa maneno ya Kiswahili. Mwigizaji Lupita Nyong'o alipotokea, mama mmoja aliyekuwa chini ya draya akauliza kwa sauti: "Huyu si Mjaluo wa Kisumu? Sasa Lupita ndiyo nini?" Msusi wangu, Mjaluo mzaliwa wa Rorya, akajibu bila kuachia nywele zangu: "Mama, hilo jina ni la Kijaluo kuliko unavyodhani."

Nilidhani anatania, kumbe ana hoja.

Wajaluo humwita mtoto kwa saa aliyozaliwa, au kwa hali na tukio lililokuwepo. Akinyi ni wa asubuhi, Achieng' ni wa jua kali, Atieno ni wa usiku, na Akoth alikuja na mvua. Kwa wavulana herufi ya kwanza inageuka kuwa O: Okinyi, Ochieng', Otieno, Okoth. Na sisi Wasukuma hatuko mbali nao. Mabula na Kabula ni watoto wa mvua, Shija ni yule aliyefuata mapacha. Kwa hiyo Kabula wa Magu na Akoth wa Shirati ni wasomo, ingawa huenda hawajawahi kukaa mtumbwi mmoja.

Sasa rudi kwa Lupita. Alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983. Baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, aliyechaguliwa kuwa gavana wa Kisumu mwaka 2017, alikuwa akifundisha chuoni huko Mexico, kwani siku zile waliokosoa serikali ya Kenya hawakuwa na amani nyumbani. Mtoto akazaliwa ugenini, na wazazi wakafanya kile ambacho Mjaluo angefanya popote: wakampa jina la mahali na wakati ule. Lupita ni jina la kudekeza la Guadalupe, na Mama Maria wa Guadalupe ndiye anayeheshimiwa kuliko wote na Wakatoliki wa Mexico. Jina lake la pili ni Amondi, aliyezaliwa alfajiri. Hapo saa na mahali vyote vimetajwa.

Familia ilirudi Kenya kabla hajatimiza mwaka. Alipofika miaka 16 wazazi wakamrudisha Mexico kwa miezi kama saba akajifunze Kihispania, lugha ya jina lake. Hilo mimi lilinigusa sana.

Uigizaji haukumjia kirahisi. Filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa Kenya, yeye alikuwa kijana wa kutumwatumwa kwenye kikosi cha utengenezaji. Hapo ndipo alipomfungukia Ralph Fiennes, nyota wa filamu hiyo, kwamba anataka kuigiza, naye akamshauri aingie tu kama hakuna kitu kingine duniani anachokitaka. Akaenda kusoma uigizaji chuo kikuu cha Yale, akamaliza 2012. Filamu yake kubwa ya kwanza ilikuwa 12 Years a Slave, akiwa Patsey, mtumwa wa shamba la pamba. Tarehe 2 Machi 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 31, akapewa Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike. Miaka miwili baadaye alikuwa upande wetu wa ziwa, Uganda, kwenye Queen of Katwe, akicheza mama mchuuzi anayelea watoto peke yake. Mama wa namna hiyo nawaona kila alfajiri pale soko la samaki la Mwaloni, ndoo ya dagaa kichwani.

Na mwaka 2019 alipoandika kitabu cha watoto, cha msichana mweusi tii anayetamani kuwa na rangi nyeupe, ikabidi naye atoe jina. Akamwita Sulwe. Nilimuuliza msusi maana yake alipokuwa anamalizia mstari wa mwisho kisogoni.

"Nyota," akasema. "Inama kidogo, dada."