Je, wajua kwa nini bunduki ya kale huhitaji kibali hata ikiletwa Dar es Salaam kukarabatiwa tu?

Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 katikati ya Dar es Salaam, imeelekeza singe yake upande wa bandari, na hakuna anayeiuliza kibali. Isingekuwa ya shaba, habari ingekuwa nyingine.

Chukua mfano wa Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya risasi moja moja ambayo askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki waliingia nayo katika Vita Kuu ya Kwanza, na ambayo moshi mzito wa baruti yake nyeusi uliwafichua kwa adui kila walipofyatua. Mwenye nayo yuko ng'ambo, kitako kimepasuka, mtutu umeshika kutu, naye anataka kuileta kwa fundi wa Dar es Salaam kisha airudishe kwake. Kwa kuwa umri wake umepita miaka 100, angeweza kudhani kwamba itapita bandarini kama kabati la kale.

Kwa upande wa ushuru dhana hiyo ina msingi. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, unaotumiwa pia na Jumuiya ya Afrika Mashariki, silaha zimo katika Sura ya 93, lakini kitu cha kale kilichozidi miaka 100 huhesabiwa katika Sura ya 97, pamoja na michoro na sanamu. Hata hivyo, sura hiyo hujibu suala la kodi peke yake. Suala la usalama lina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kibali chake hutafutwa Polisi.

Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha, ya mwaka 2001, inaiachia kila nchi kuamua silaha ipi ni ya kale, mradi isiwe iliyotengenezwa baada ya 1899. Sheria ya shirikisho ya Marekani huishia 1898. Kwetu umri ni kipimo dhaifu, kwani gobore, linaloshindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu, ni la ufundi mkongwe kuliko Mauser hiyo, na bado linaua wanyama porini. Tena ukarabati wenyewe ndio unaoongeza wasiwasi: bunduki iliyoingia ikiwa imekufa kwa kutu inaweza kutoka mikononi mwa fundi ikiwa hai.

Kwa hiyo kibali hutangulia safari, na kazi hupewa fundi mwenye leseni ya silaha. Ndipo wakala wa forodha hutumia utaratibu wa uingizaji wa muda chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, ambapo ushuru haulipwi bali huwekewa dhamana, kwa sharti kwamba mali itoke nchini ndani ya muda uliopangwa, ambao kwa kawaida hauzidi miezi 12.

Wakati wa kutoka, ofisa wa forodha hulinganisha bunduki na maelezo yaliyoandikwa ilipoingia, hasa namba na mihuri ya kiwandani iliyogongwa kwenye chuma. Fundi aliyepiga msasa mpaka namba ikafutika, hata kama chuma kinang'aa kama kioo, atakuwa amemwachia mteja wake kazi ngumu ya kuthibitisha kwamba inayotoka ndiyo ile iliyoingia, huku dhamana ikiwa bado imeshikiliwa.