Baada ya Porte: gari dogo la kufaa milima ya Kigoma

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mteja wangu wa miaka mingi, aliingia gerejini kwangu hapa Gungu na Toyota Porte yake ya mwaka 2005, mlango mkubwa wa kushoto ukiwa umefungwa kwa kamba ya manila kutoka kwenye kitasa cha ndani hadi kwenye miguu ya kiti. Nilidhani amekuja kutengenezewa mlango kama ilivyokuwa mara tatu zilizotangulia, lakini safari hii hakutaka hata niuguse. Alisema, "Fundi, gari hili nimelipenda kuliko yote niliyowahi kuendesha, ila limenichosha. Niambie ninunue lipi."

Swali hilo naulizwa karibu kila wiki na wenye magari madogo ya mjini yenye umbo la peke yake, yale ambayo mtu huyapenda kwa sababu moja kubwa na kuyavumilia kwa sababu kumi ndogo. Kwa kawaida watu hulijibu kwa kutaja jina la gari. Mimi naona jina ndilo la kuja mwisho. Kwanza mwenye gari aeleze ni kitu gani hasa cha gari la zamani alichokitumia kila siku, kisha tuangalie barabara zetu zimelifanya nini gari hilo, na hapo ndipo tutafute jingine.

Porte ya kwanza ilianza kuuzwa Japani mwaka 2004. Upande wa kushoto ina mlango mmoja tu, mpana, wa kuslaidi, unaovutwa na mota ya umeme. Upande wa dereva kuna mlango mmoja wa kawaida na nyuma yake hakuna mlango kabisa. Sakafu iko chini na ni bapa, kiasi kwamba mzee anaingia kwa hatua moja bila kuinua goti, na kiti cha mbele cha abiria kinarudi nyuma mpaka kunabaki nafasi ya kuweka mzigo mbele yake. Kwa kuwa nasi tunaendesha upande wa kushoto kama Wajapani, mlango ule hufunguka pembezoni mwa barabara, mbali na magari na bodaboda zinazopita. Ni wazo zuri, na sijawahi kumcheka mtu aliyelipenda.

Tatizo ni kwamba wazo hilo linataka ardhi tambarare. Mlango wa Porte hufunguka kwa kurudi nyuma. Ukiegesha pua ikiwa imeelekea mlimani, mlango unafunguka kwa kushuka na mota haipati taabu, lakini wakati wa kufunga inalazimika kuuvuta mlango mzima, bati na kioo chake, kupanda mlima. Ukigeuza gari pua ikaangalia ziwani, mzigo ule ule unahamia kwenye kufungua. Nyumba ya mwalimu iko kwenye mteremko wa Mwanga, ambako mbele ya geti hapapatikani hatua tano za tambarare, kwa hiyo mota ile ilikuwa ikipandisha mlango mlimani mara kadhaa kila siku kwa miaka saba. Ongeza vumbi letu jekundu. Mwaka jana nilipofungua reli ya chini nilikuta vumbi limeshikana na grisi nzito iliyokuwa imepakwa na fundi mwingine, likawa tope gumu nililolikwangua kwa bisibisi bapa. Roli lilikuwa limelika upande mmoja kama kisigino cha kiatu cha zamani, na waya wa chuma unaovuta mlango ulikuwa umeanza kukatika uzi mmoja mmoja. Wenye milango ya namna hii nawasihi wasipake grisi nzito kwenye reli. Brashi kavu kila wiki, kitambaa, kisha silikoni nyepesi ya kupuliza, inatosha. Porte pia ina swichi ya kuzima umeme wa mlango, na anayeishi mlimani afadhali aizime na kuusukuma kwa mkono.

Waya ukishakatika, mota na waya wake hutafutwa Dar es Salaam kutoka kwenye Porte zilizokatwa, na kifaa kinachoshuka kwenye basi kina umri ule ule wa kile kilichokufa. Ndiyo maana mara tatu tulitengeneza na mara tatu ukarudi.

Nilimwomba mwalimu ataje alichokitumia. Alianza na mama yake mzazi, ambaye anaishi naye na ambaye magoti yake hayakunji vizuri, na ambaye kila mwezi hupelekwa hospitali. Pili akataja madumu ya mawese ya lita 20 anayoyachukua kwa jamaa zake na kuwauzia walimu wenzake. Tatu, safari ya Kasulu mwisho wa mwezi. Mlango wa umeme wenyewe hakuutaja. Alichokuwa anakihitaji ni uwazi mpana na sakafu ya chini. Umeme ulikuwa pambo, na pambo hilo ndilo lililomtoa fedha. Kutofautisha kazi ya gari na pambo lake ni jambo ambalo mtu hulifanya vizuri zaidi gari la zamani likiwa bado mbele yake, kabla hajaanza kutazama picha za jipya kwenye simu.

Yeye mwenyewe alikuja na Passo kichwani, kwa sababu jirani yake anayo na haili mafuta. Passo ya lita moja ni gari la heshima na sina neno baya juu yake kwa mtu anayekaa Ujiji, ambako mitaa mingi ni tambarare, na kazi yake ni kwenda sokoni na kurudi. Lakini injini yake ya 1KR-FE ina silinda tatu, sentimita za ujazo 996, na nguvu farasi 71. Porte ya lita 1.3 aliyoizoea mwalimu ina 87, na hata hiyo huhema ikijaa watu. Mji wetu unaanzia kwenye maji ya ziwa, ambayo yako takriban meta 770 juu ya usawa wa bahari, na kutoka pale kila kitu ni kupanda. Kwa hiyo nina kipimo kimoja ambacho simruhusu mteja anunue kabla hatujakifanya: watu wanne ndani, kiyoyozi kimewashwa, gari linasimama kabisa karibu na stesheni ya reli, kisha tunapanda Barabara ya Lumumba hadi Mwanga bila kuzima kiyoyozi. Nasikiliza kama gia inarukaruka kati ya ya kwanza na ya pili, natazama kama mshale wa joto unahama, na tukifika juu naacha injini ikiunguruma dakika tano kisha nachungulia chini kuona kama kuna tone. Gari linaloshindwa kipimo hicho likiwa na watu wanne halitaubadilisha mwenendo wake siku likipakiwa mawese.

Jambo la pili ni giaboksi. Porte ya kwanza ina otomatiki ya kawaida yenye gia nne. Magari mengi yaliyoifuata, ikiwemo Porte mpya ya kuanzia 2012 na pacha wake Spade, yana CVT, yaani giaboksi isiyo na gia za hatua bali mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kati ya puli mbili. Sienta ya kwanza isiyo na magurudumu manne ya kuvuta nayo ni hivyo, na Honda Fit ya kwanza pia. CVT si mbaya. Ikitunzwa inaokoa mafuta na haina mishtuko. Lakini haisamehe oili isiyo yake. Sienta ya zamani inataka oili ya CVT aina ya TC, Honda inataka ya Honda, na ile otomatiki ya gia nne ya Toyota inataka T-IV. Nimewahi kupokea Sienta iliyojazwa oili nyekundu ya kawaida katika gereji moja kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani siku hiyo. Baada ya wiki chache mkanda ulianza kuteleza, injini ikawa inapiga kelele na gari halisogei, na hatimaye giaboksi ikabadilishwa nzima. Kwa hiyo anayetaka CVT hapa Kigoma namwambia jambo moja: nunua oili ya kutosha kubadilishia mara moja, iweke nyumbani, uje nayo.

Hapo ndipo suala la spea linapoingia, nalo kwangu lina uzito kuliko rangi, mwaka na kilometa zilizosomwa kwenye dashibodi. Reli kutoka Dar es Salaam mpaka hapa ina urefu wa kilometa zipatazo 1,250, na basi nalo halifiki siku hiyo hiyo. Gari ambalo kila spea yake inaagizwa ni gari la kulala gerejini. Injini ya 1NZ-FE, yenye sentimita za ujazo 1,496, imo kwenye IST ya lita 1.5, Raum ya pili, Sienta, Probox, Fielder, na Porte ya lita 1.5, na injini ya 2NZ-FE ya lita 1.3 ni mdogo wake wa tumbo moja. Kwa kuwa Probox zinazobeba abiria zimejaa mkoani, pampu ya maji, koili, plagi na injini mauntini (vishikizi vya injini) za ukoo huo ninazipata Mwanga bila kuandika ujumbe kwa mtu wa Kariakoo. Injini zote mbili zinatumia cheni ya taimingi (inayopanga mwendo wa vali za injini), si mkanda, ambayo ukibadilisha oili kwa wakati hukaa miaka mingi. Fit ya lita 1.3, kinyume chake, ina plagi mbili kwa kila silinda, nane kwa jumla, na sijawahi kukuta nane za aina moja katika duka moja hapa mjini.

Tulibaki na IST na Raum. IST ingekuwa jibu langu kwa watu wengi: imara, spea zipo kila kona, na ukiiuza inauzika. Kwa mwalimu haikufaa, kwa sababu mlango wake wa mbele ni wa kawaida na kizingiti kiko juu, na mama yake angelazimika kushikwa kwapani kila safari. Raum ya pili, iliyotoka mwaka 2003, Toyota iliisanifu kwa kuwafikiria watu wa rika zote. Upande wa kushoto haina nguzo ya kati: mlango wa mbele unafunguka kawaida, wa nyuma unaslaidi, na ikiwa wazi yote miwili ubavu mzima unakuwa peupe. Zipo zenye mlango wa nyuma wa umeme. Nilimwambia tutafute ya kusukuma kwa mkono. Asichanganye pia na Raum ya kwanza ya 1997, ambayo injini yake ni 5E-FE yenye mkanda wa taimingi.

Udhaifu wa Raum uko pale pale palipo na uzuri wake. Nguzo ya kati imejengwa ndani ya milango yenyewe, kwa hiyo gari lililowahi kugongwa ubavu wa kushoto halifungi sawasawa tena, hata bati likinyooshwa vizuri kiasi gani, na vumbi la Kasulu litaingia. Kulipima ni rahisi. Chukua karatasi ya daftari, iweke kwenye raba ya mlango, funga, kisha ivute. Ikigoma, raba inabana. Ikitoka bila ukinzani, hapo ndipo vumbi na mvua zitakapopita. Zunguka mlango mzima namna hiyo, hasa mahali milango miwili inapokutana.

Kuagiza Japani au kununua la hapa? Raum iliacha kutengenezwa mwaka 2011, na magari yenye umri huo yanalipiwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA) kinaonyesha jumla kabla hujatuma fedha, na kwa gari la namna hii jumla hiyo huwakatisha tamaa wengi. Tuliamua la hapa. Madalali watakusifia kwamba ni la namba D, yaani lenye herufi D kwenye kibao cha usajili, lakini herufi hiyo inaeleza siku gari liliposajiliwa nchini, si siku lilipotengenezwa, kwa hiyo soma mwaka kwenye kadi. Fungua pia rejeta injini ikiwa baridi. Ukikuta maji matupu yenye kutu badala ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), uliza kama themostati, yaani kidhibiti joto cha injini, imetolewa, kwa maana wapo mafundi wanaoitoa wakidhani wanazuia kuchemsha, na injini inabaki haina joto lake sahihi.

Raum tuliyoipata ilikuwa Ujiji. Ilipanda Lumumba na watu wanne bila mshale kutikisika. Karatasi iligoma kila mahali isipokuwa kona ya chini, milango inapokutana. Nilimwonyesha muuzaji, akapunguza bei. Kisha mwalimu alimleta mama yake. Bibi alishika ukingo wa kiti, akageuka, akaketi, halafu akaingiza miguu yote miwili kwa pamoja bila kuinuliwa na mtu. Porte imebaki gerejini kwangu. Alternata na stata yake vitafaa kwenye Raum siku moja. Raba ya ile kona tumeiagiza na haijafika, na kwa sasa mwalimu amepachika kipande cha kanga pale, ambacho hukikung'uta kila anaporudi kutoka Kasulu.