Sukari ya miezi mitatu kwa mtoto mchanga, mbona hiyo namba inadanganya

Juzi mama mmoja wa Katuba aliingia labo yetu na karatasi imekunjwa mara nne kwenye pindo la kitenge, mtoto mgongoni, miezi miwili, mashavu yamejaa, analala zake. Alikuwa ametoka kulipa analizi kwingine, walimpima mtoto hemoglobini glike, ile kwenye karatasi wanaandika HbA1c, ndiyo hiyo sukari ya miezi mitatu, namba ikatoka chini sana na pembeni mashine imeweka mshale unaoangalia chini. Akaniambia, «Docta, kambo yake alikufaka na sukari, njo maana nilimupimisha. Sasa banasema sukari yake iko chini. Nimupatie mayi ya sukari?»

Nilimwambia hapana mama, usimpe, mnyonyeshe tu. Halafu nikakaa naye kwenye benchi nikamweleza, na naandika hapa kwa sababu si yeye peke yake, wazazi wengi hapa Lubumbashi wanaulizia hiyo analizi kwa ajili ya watoto wadogo, na mara nyingine hata sisi watu wa afya ndio tunaiandika bila kufikiri.

Hii analizi ni nzuri sana kwa mtu mzima. Sukari inayotembea kwenye damu inajibandika polepole kwenye hemoglobini, ile kitu nyekundu inayobeba hewa, na ikishajibandika haitoki mpaka chembe ya damu ife. Chembe ya mtu mzima inaishi siku kama 120, kwa hiyo ukihesabu hemoglobini ngapi zimeshika sukari unajua wastani wa miezi miwili mpaka mitatu iliyopita, hata kama mtu jana alikula bukari kidogo ili aje kwa dokta na namba nzuri. Chini ya 5,7 kwa mia ni sawa, kuanzia 6,5 tunasema ni diabeti, na OMS, shirika la afya la dunia, yenyewe tangu 2011 inakubali itumike kutafuta ugonjwa. Kwa watu wazima, narudia.

Mtoto anazaliwa na damu ya aina nyingine. Tumboni hakuna hewa ya kuvuta, anachukua hewa kutoka damu ya mama, kwa hiyo mwili wake unatengeneza hemoglobini ya pekee, tunaiita hemoglobini F, inayong'ang'ania hewa kwa nguvu kuliko ile yetu ya kawaida, hemoglobini A. Siku anayozaliwa F inaweza kufika 70 kwa mia ya damu yake yote, halafu inashuka kidogo kidogo, kwenye miezi sita imebaki kidogo sana. Na HbA1c, kama herufi yenyewe inavyosema, ni sukari iliyoshika A. Ile iliyoshika F haihesabiwi humo.

Chukua hemoglobini 100 za mtoto aliyezaliwa leo. 70 ni F, 30 ni A. Tuseme katika kila A 100 kuna 5 zimeshika sukari, kitu cha kawaida kabisa. Basi katika zile 30 ni moja na nusu. Mashine nyingi zinachukua hiyo moja na nusu zinagawa kwa damu yote 100, karatasi inatoka 1,5 kwa mia na mshale wa chini, mama anaogopa, wakati mtoto hana shida yoyote! Ongeza hapo kwamba chembe za damu za mtoto mchanga zinaishi siku 60 mpaka 90 tu, zinakufa kabla sukari haijapata muda wa kujibandika vizuri, basi namba inashuka tena.

Huyo mama aliogopa bure, lakini kinachonikosesha usingizi ni upande mwingine, mtoto ambaye kweli sukari imepanda, wanampima HbA1c, inatoka namba nzuri kwa macho, wanamrudisha nyumbani.

Na kwetu Congo kuna mengine juu ya hayo. Mtoto wa SS, yaani mwenye siko seli, chembe zake zinavunjika haraka, HbA1c yake haina maana akiwa mdogo wala akiwa mkubwa. Mtoto aliyetoka kuugua malaria na damu imepungua, vilevile. Aliyeongezewa damu wiki iliyopita, hapo unapima damu ya mtu mwingine. Kabla ya kuandika hii analizi tuwe tunauliza hayo matatu, ni dakika moja tu.

Kuna vipimo vingine, fruktozamini kwa mfano, yenyewe inaangalia sukari iliyoshika protini za damu na inaonyesha wiki mbili tatu za nyuma, F haiigusi. Lakini protini za mtoto mchanga nazo si sawa na zetu, kwa hiyo kusoma namba yake si rahisi pia.

Halafu kuna suala la damu yenyewe. Mtoto wa kilo 3 ana damu kama mililita 250 mwilini mwote, haijazi chupa ya fanta. Kumtoboa mshipa na kumvuta tube kwa kipimo ambacho hakitajibu swali, mimi naona si haki. Mtoto mwenye afya, anayenyonya na kuongezeka kilo, hahitaji kupimwa sukari ya miezi mitatu. Kama ndugu wana diabeti mwambie dokta aandike kwenye fishi, inatosha kwa sasa.

Kukiwa na wasiwasi wa kweli tunapima glisemi, yaani sukari iliyo kwenye damu saa hiyo hiyo. Tone moja la kisigino, pembeni, si katikati ambapo mfupa uko karibu, unapasha mguu joto kwanza kwa mkono, unafuta na alkoli na unaacha ikauke. Glikometre inajibu kwa sekunde chache, na ikitoa namba ya ajabu tunahakikisha labo kwa damu ya mshipa, na hiyo damu isikae, kwa sababu chembe zinaendelea kula sukari ndani ya tube, courant, umeme, ikikatika ukaiacha saa mbili kwenye joto namba inashuka yenyewe.

Diabeti kwa mtoto wa chini ya miezi sita ipo ila ni adimu sana, na mara nyingi inatoka kwenye jeni, haitokani na kitu mama alikula wala bonbon. Wengine kati ya hao wanatibiwa kwa vidonge vya glibenklamidi badala ya sindano za insulini, ndiyo maana dokta wa watoto lazima amwone. Dalili zake: anakojoa sana, nguo zinalowa kila mara, ananyonya kwa pupa lakini kilo zinashuka, mdomo mkavu, utosi umebonyea, baadaye anapumua haraka na kwa kina kama aliyekimbia. Watu wanasema malaria, wanasema nimonia. Mpimeni malaria, sawa, lakini tone lile lile la damu liguse na glikometre, ikipita 200 (mg/dl) na dalili hizo zipo ni hospitali usiku huo huo.

Yule wa Katuba tulimpima kisigino kabla hajaondoka. Akalia kidogo, akapewa titi, akanyamaza. 86, sawa kabisa. Mama aliniomba niiandike kwenye ile karatasi yake, juu ya ule mshale.